Nishani na Mzigo

Nishani ni kipande cha madini apewacho mtu ili watu wengine wamtambue. Haimwongezei mvaaji nguvu wala haimponyi jeraha. Kazi yake ni kusema. Yafaa basi kuuliza: yasema neno la nani, la aliyeivaa au la aliyeitoa?

Mwaka 1899 Serikali ya Malkia Victoria iliamuru nishani ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, kwa ajili ya vita vya Uganda na nchi jirani vya miaka 1897 hadi 1899. Upande mmoja pana sura ya Malkia. Upande wa pili amesimama mwanamke aliye mfano wa Uingereza, na simba kando yake, na jua lachomoza. Askari walipewa ya fedha. Wafuasi wa jeshi, watu wa mizigo na wa kazi za kambini, walipewa ya shaba. Malkia ni yule yule na simba ni yule yule. Madini tu ndiyo yaliyobadilika.

Mtetezi wa desturi hii atasema kuwa askari huelekea risasi, na mpagazi hukaa nyuma yake. Hoja hii yasikika vizuri mezani. Na ipelekwe Masasi na Newala, ikapimwe huko.

Mwezi wa Oktoba 1917, katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Waingereza ulipoteza watu zaidi ya elfu mbili, waliokufa na waliojeruhiwa. Kisha von Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kwa njia ya nchi ya Wamakonde, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma. Nyuma ya kila jeshi walikuwapo wapagazi, maana mbung'o waliua wanyama wa mizigo, na chakula na risasi vilikwenda kwa vichwa vya watu. Mpagazi naye hula. Kwa hiyo kila njia ilipozidi urefu, watu zaidi walitakiwa kuchukua chakula cha wenziwe. Waingereza peke yao yakadiriwa walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu na kwa njaa, nao waliokufa waliwazidi askari mara nyingi. Kama hatari ndiyo kipimo cha heshima, mizani imewekwa kichwa chini.

Huko Nairobi sanamu ya mwaka 1928 yamweka mpagazi pamoja na askari. Ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 ni ya askari peke yake, ingawa maandishi yake yawataja wapagazi. Lakini Dar es Salaam ina Kariakoo, jina lililozaliwa na kikosi chao, na kila anunuaye nyanya hulitamka bila kujua amwita nani.

Je, mjukuu wa Lupaso aliyerithi nishani ya babu aione haya? Jeshi lile halikuja kwa faida ya babu, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Naona aitunze, lakini aisome ukingoni. Nyuso mbili za nishani ni za mtoaji. Jina la mvaaji, nishani nyingi za Kiingereza za zama zile zilichongwa pembeni, kwa herufi ndogo. Hapo ndipo babu alipo.

Lupaso pana kaburi la Rais Benjamin Mkapa, aliyezikwa mwaka 2020, nalo lajulikana na wote. Makaburi ya wapagazi hayana alama. Wala deni lao halikuwa la heshima tu: baada ya vita mishahara mingi ya waliokufa ilibaki mikononi mwa Serikali, kwa sababu iliyotolewa kwamba warithi hawakupatikana. Walipotakiwa kubeba, watu wale wale walipatikana kijiji kwa kijiji.