Kupiga mpira wa mama mkubwa

Ukipata nafasi ya kuusukumia mtaroni mpira wa mtu, na sheria inakuruhusu, je, kuacha ndiyo wema?

Nazungumzia kroketi. Unahitaji nyundo za mbao zenye mpini mrefu, mipira minne, na matao ya chuma yaliyochomekwa ardhini. Unaugonga mpira wako upite kwenye matao kwa mpangilio, na kila ukivuka tao unaongezewa pigo moja. Nyasi laini hapa Nyakato ni za kutafuta, lakini tao ni nondo iliyopindwa tu, na mafundi wa kuchomelea hawakosekani. Nyundo anachonga seremala.

Kinachonisumbua ni sheria moja. Mpira wako ukigonga wa mwenzako, unapata mapigo mawili. La kwanza unauweka wako ugusane na wake, kisha unapiga wako na yote miwili inaondoka. Ukitaka, wake unakwenda mbali kabisa. La pili unaendelea na safari yako. Yaani unalipwa kwa kumvuruga mwenzio. Aliyekulia kwenye gololi hatashangaa. Wamisri, ambao wametwaa ubingwa wa dunia mara nyingi, hung'ara katika aina ya kroketi isiyo na malipo hayo: kila mtu pigo moja, kwa zamu. Nako watu wanafukuziana mipira vilevile.

Tunachezea kwenye kiwanja cha familia, chenye mteremko unaoishia mtaroni. Mama mkubwa anatembelea fimbo tangu apate kiharusi. Binamu zangu wakiukuta mpira wake mahali pabaya, hukosea makusudi. Anawaona. Na ni haohao waliokaa kikao cha kuuza kiwanja bila kumwita, eti asichoke.

Kwangu hayo mawili ni jambo moja. Anayekosea makusudi ameshamtoa mtu mchezoni. Kilichobaki ni kumwangalia akipigapiga mipira peke yake.

Utaniambia, basi mgonjwa ateremke mtaroni kwa ajili ya falsafa yako? Hoja nzito hiyo. Lakini kroketi yenyewe ina jibu: mpira ukitoka nje ya mpaka unarudishwa mpakani, mchezo unaendelea. Sisi tumeongeza kwamba mdogo kuliko wote ndiye anayeufuata, uwe wa nani. Huruma ya namna hiyo imepangwa kabla ya pigo la kwanza, inatuhusu sote, na mama mkubwa aliikubali kwa mdomo wake. Ile ya binamu zangu inaamuliwa kimyakimya, nyundo ikiwa hewani, juu ya mtu mmoja ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo mimi napiga. Naye hanisazi, Jumapili alinitupa mtaroni mara mbili, akacheka mpaka akakalia ndoo.

Kiwanja hakijauzwa bado. Hati ina jina lake.