Marikabu ya Angani Isiyofika Makonde

Miongoni mwa mapenzi ya binadamu ni machache yaliyo magumu kuhukumiwa kama yale ya watu wanaozipenda ndege za kale, wanaozifufua injini zilizokwisha kuhesabiwa maiti, na wanaokusanyika siku za maonyesho kuzitazama zikipinduka hewani, hali nyingi katika hizo ziliundwa ili ziwadondoshee wanadamu mabomu. Afrika Mashariki mapenzi hayo yana maskani yake huko Nairobi tangu 1927, ilipoanzishwa klabu ya warushaji ndege, nami sina nia ya kuyatukana. Bali nauliza kama yafaa mtu kuustarehea uzuri wa chombo huku ameitenga nia ya aliyekiunda. Mkaazi wa pwani ya Mtwara ana haki ya kuuliza hivyo, kwa kuwa chombo kimojawapo kinachosifiwa mno na mashabiki hao kilikuwa njiani kuja huku kwetu.

Tarehe 21 Novemba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, marikabu ya angani ya Kijerumani, L 59, ya namna ya Zeppelin, iliondoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria chini ya amri ya Ludwig Bockholt, urefu wake mita 226 na ushei, nayo imepakia tani 15 hivi za risasi, dawa na vipuri vya bunduki za rashasha kwa ajili ya jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo baada ya mapigano ya Mahiwa ya mwezi wa Oktoba lilikuwa limebanwa katika nyanda za juu za Makonde. Haikukusudiwa kurudi. Gesi ya kuiinua tena isingepatikana Makonde, basi waundaji waliipanga itumike yote, kama ng'ombe wa karamu ambaye hata kwato hazitupwi: kitambaa cha nje kishonwe hema na nguo, mifuko ya gesi iwe ya kulalia, injini zizalishe umeme. Ilivuka Bahari ya Kati, ikalikata jangwa la Libya mchana hewa ya moto ikiirusha juu na chini, na ilipokuwa magharibi ya Khartoum ilipokea kwa simu ya upepo amri ya kurudi, kwani wakubwa wake walikwisha kukata tamaa na Makonde. (Wako wasemao amri hiyo ilikuwa hila ya Waingereza, hadithi tamu, na nyingi za vita ni tamu hivyo.) Ikatua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na mwendo wa kilomita 6,757 hivi. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma huko Ngomano, akaingia nchi iliyokuwa ya Wareno.

Wenye kuyapenda mambo ya hewani huisifu safari hiyo, na sifa zao ni za haki. Kurani yenyewe, katika Sura ya al-Mulk, huwaelekeza watu wawatazame ndege juu yao wakikunjua na kukunja mbawa, na sioni kwa nini jicho lililoamriwa kustaajabia mbawa lifumbwe mbele ya kazi ya mikono. Tena Hadithi ya nia, ambayo Bukhari ameitanguliza katika mkusanyiko wake, humhukumu mtenda. Duralumini, madini ya mifupa ya marikabu, haina nia. Hoja hii yatosha kuifanya starehe ya mtazamaji kuwa halali, lakini haitoshi kuifanya marikabu kuwa safi. Wanavyuoni hupambanua kati ya aliyeazimia ovu akaliacha kwa kumcha Mungu, ambaye huandikiwa jema, na aliyezuiliwa na sababu ya nje, naye Bockholt hakutubia, aliitwa akarudi. Usafi tunaouona katika safari ile, usafi wa mwendo usio na mwisho wake, ni zawadi ya kadari, na shabiki huupokea pasipo kuuliza ulitoka wapi.

Kwani risasi hazitembei. Tani 15 ni mizigo 500 ya kilo 30, na katika vita vile mzigo ulikwenda juu ya kichwa cha mpagazi, ambaye pande zote mbili njaa na maradhi vilimuua zaidi kuliko bunduki, katika nchi ambayo vyakula vyake vilichukuliwa na kila jeshi lililopita. Hata pasipo marikabu vita viliendelea mwaka mzima, mpaka Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918.

L 59 haiko tena. Iliungua ikaanguka baharini karibu na mlango wa Otranto tarehe 7 Aprili 1918, pamoja na watu wake wote 21. Lau ingalikuwako, ikapita juu ya Mikindani siku ya maonyesho, ningalikwenda kuitazama, wala nisingaliona haya. Ila ningalimtaka mwenye kuinadi, akiisha kuzitaja saa 95, aitaje kwa sauti ile ile na mizigo 500, na vichwa vilivyokuwa vikiingoja.