Chombo Kilichovunjika

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Umeazima sahani ya jirani kwa ajili ya karamu, ikavunjika mkononi mwako. Utamrudishia nini? Wengine huibandika kwa gundi, wakairudisha usiku.

Amepokea Bukhari kutoka kwa Anas: Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze. Mke mwingine akatuma chakula, na kwa wivu sahani ikavunjwa. Mtume akaokota vipande na chakula. Kisha akampelekea mwenyewe sahani nzima. Ile iliyovunjika ikabaki nyumbani kwa aliyeivunja.

Zingatia, ndugu yangu: aliyedhulumiwa alipata kizima. Ufa ulibaki kwa mvunjaji.

Je, kilichovunjika kitupwe? La. Bakuli la mti alilonywea Mtume lilipasuka, likaungwa kwa madini ya fedha. Asim al-Ahwal aliliona kwa Anas, limehifadhiwa. Fedha ile haikuuficha ufa, iliuonyesha.

Basi ukivunja amana ya mtu, mlipe kwanza kilicho kizima. Kisha utengeneze chako, na ufa usiufiche.

Wallahu aalam.