Kahawa ya baba, hina ya mama: Mfujaji ni nani?



Siku mbili kabla ya Idd el Fitr iliyopita, mama watoto wangu aliniomba shilingi elfu kumi. Alitaka kwenda kwa jirani anayepaka hina, yeye na binti yetu mkubwa, wapambwe mikono na kucha kama ilivyo ada ya wanawake wa Kiislamu wa mwambao ifikapo sikukuu. Sikumpa pesa, nilimpa mawaidha. Nilimtajia aya ya 27 ya Suratul Israa, inayowahesabu wafujaji kuwa ndugu wa mashetani. Nikamweleza kuwa hali ni ngumu na kwamba uzuri wa mwanamke ni ucha Mungu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mume wangu," akarudi jikoni.

Usiku ule, baada ya Tarawehe, tulikaa barazani kama kawaida yetu. Muuza kahawa alikuwa na dele lake na sahani ya kashata. Mazungumzo yakaingia kwenye wanawake wa siku hizi: saluni, kucha za kubandika, rangi, piko. Kila mmoja alikuwa na malalamiko yake, na mimi sikubaki nyuma. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyo mkeo anapaka hina mara ngapi kwa mwaka? Na hicho mkononi mwako ni kikombe cha ngapi kwa leo?"

Watu walicheka. Mimi niliondoka na hesabu kichwani. Ukiondoa mwezi wa Ramadhani, kila jioni baada ya Magharibi napata vikombe viwili vya kahawa, kashata, mishkaki na chapati moja. Haipungui shilingi elfu mbili na mia tano. Kwa siku 25 za mwezi ni shilingi 62,500. Kwa miezi kumi na moja ni shilingi 687,500. Hina ya mke wangu na binti yangu kwa Idd zote mbili ni shilingi elfu ishirini kwa mwaka mzima. Sasa ile aya niliyoisoma jikoni, ilikuwa inamhusu nani?

Hili ndilo ninalotaka tulitafakari leo. Hatubishani hapa kama starehe ndogo ndogo zinafaa au hazifai. Qur'an imelimaliza hilo. Katika Suratul A'raf, aya ya 31 na 32, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuchukue mapambo yetu, tule na tunywe bila ya kupita kiasi, kisha akamhoji yule anayejipa mamlaka ya kuharamisha mapambo na vyakula vizuri alivyowatolea waja wake. Na katika Suratul Furqan, aya ya 67, waja wema wametajwa kuwa ni wale ambao wakitoa hawafuji na wala hawafanyi ubakhili, bali hushika njia ya kati na kati. Watu wengi tunaikumbuka nusu ya kwanza tunapozungumza na wake zetu. Nusu ya pili, ile ya ubakhili, hatuisomi.

Hatari iliyopo ni kwamba kila mtu starehe yake huiona ni haja, na starehe ya mwenzake huiona ni ufujaji. Kikombe changu ni "kupumzisha akili." Hina yake ni "israfu." Mishkaki yangu ni "kukutana na watu." Saluni yake ni "umbea." Tumeitumia dini kama mizani yenye sahani moja.

Na hiyo kahawa yenyewe tunayoinywa kwa amani haikuwa na amani siku zote. Masufi wa Yemen waliitumia karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri. Ilipofika Makka ikawa na vijiwe vyake. Mwaka 1511, sawa na 917 Hijria, Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa soko na maadili katika mji ule chini ya utawala wa Wamamluki, aliwakuta watu wakiinywa usiku karibu na Msikiti Mtukufu. Akakusanya wanazuoni na waganga, ikatolewa hukumu ya kuipiga marufuku na kahawa ikachomwa moto hadharani. Habari ilipofika Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri, jibu lililorudi halikuunga mkono kukiharamisha kinywaji. Lilikataza mikusanyiko iliyoambatana na mambo mabaya. Yaani walitenganisha kitu na kinachofuatana nacho. Kosa halikuwa ndani ya kikombe.

Tuichukue busara hiyo tuipeleke kwenye kucha. Hina ni jani. Huacha rangi tu, haiweki utando, na maji ya udhu hupenya mpaka kwenye ukucha. Rangi ya chupa hukaa juu ya ukucha kama ganda, na kwa kauli inayojulikana ya mafakihi, kinachozuia maji kufika kwenye kiungo huzuia udhu kusihi. Basi mwenye kuipaka anapaswa kuiondoa kabla ya kutawadha, au aipake katika siku ambazo haswali. Kucha za kubandikwa kwa gundi zina tatizo kubwa zaidi, kwani haziondoki kwa dakika mbili. Dada yangu, starehe inayokufanya uanze kuihesabu swala kuwa ni usumbufu, hiyo imeshavuka mpaka, hata kama ulilipa kwa pesa yako halali. Tena tunajua kwamba kukata kucha ni katika maumbile safi, na katika hadithi ya Anas aliyoipokea Muslim, muda wa juu kabisa uliowekwa ni siku arobaini. Pia pambo lina wa kuoneshwa na asiyestahili kuoneshwa. Na hina nyeusi tii, ile piko inayochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi, imewaunguza wengi ngozi. Ulizeni kabla ya kunyoosha mkono.

Lakini mizani ni ile ile kwa mwanamume. Ni wangapi kati yetu Isha hutupita barazani kwa sababu mpira wa Ulaya uko dakika ya sabini na kikombe bado kina moto? Gundi iliyomshika mwanamke kwenye ukucha imetushika sisi kwenye benchi.

Sasa tuje kwenye kiini. Muslim amepokea kutoka kwa Anas kisa ambacho wanaume hatukisimulii mara kwa mara. Mtume (s.a.w.) alikuwa na jirani Muajemi, hodari wa kupika mchuzi. Siku moja alipika, akaja kumwalika Mtume. Mtume akauliza kama Bibi Aisha naye amealikwa. Jirani akasema hapana. Mtume akakataa kwenda. Yule bwana akarudia mwaliko, swali likawa lile lile, jibu likawa lile lile, na Mtume akakataa tena. Mara ya tatu jirani akakubali, wakainuka wote wawili wakaenda nyumbani kwake. Hii haikuwa karamu ya harusi wala mkutano wa wakubwa. Ulikuwa ni mchuzi wa jirani. Mtume wa Mwenyezi Mungu (s.a.w.) hakuona sawa kwenda kuonja kitu kizuri na kumwacha mkewe nyuma.

Kumbukeni pia kisa cha Salman na Abu Dardaa, alichokipokea Bukhari. Salman alipomzuru nduguye, alimkuta mke wa nduguye amevaa ovyo, hakujipamba. Akamuuliza ana nini. Akajibiwa kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Salman hakumsifu nduguye kwa uchaji huo. Alimwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na watu wake wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (s.a.w.) alipopelekewa habari akasema Salman amesema kweli. Abu Dardaa alikuwa akiacha starehe kwa ajili ya kufunga na kuswali usiku, na bado alirekebishwa. Sisi tunaowanyima watu wetu kwa ajili ya mishkaki tutajitetea kwa lipi?

Najua hoja zitakazokuja. Wapo watakaosema baraza lina faida: ndipo tunapojua nani anaumwa, nani amefiwa, mchango wa maziko ni kiasi gani. Ni kweli, na mimi silivunji baraza. Ila nawakumbusha kwamba pale anapopaka hina jirani yetu ndipo baraza la kina mama, nako hujulikana mgonjwa na mwenye dhiki, pengine kabla yetu. Wengine watasema pesa haitoshi wote. Pia ni kweli. Lakini pesa isiyotosha wote inawezaje kumtosha mmoja kila jioni? Chupa ya chai ya tangawizi na vitumbua vya nyumbani hutosha watu sita kwa gharama ya mishkaki ya mtu mmoja. Na kwa kina mama wanaochukua mkopo wa kikundi ili wang'are kwenye harusi, wasidhani nimewasahau. Deni la pambo ni deni, na watoto wenu pia ni watu wa nyumbani.

Kipimo ninachopendekeza ni kifupi. Kabla ya kuagiza, jiulize: "Na wa nyumbani je?" Swali hilo halikukatazi kunywa. Linakuzuia kushiba peke yako na kurudi kuhubiri subira kwa wenye njaa. Suratut Takaathur inatuonya kwamba siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Hapana shaka kikombe cha kahawa ni neema. Yumkini hatutaulizwa tu kama kilikuwa halali, bali pia nani alikosa ili sisi tupate.

Mimi sikusubiri niulizwe huko. Nilirudi nyumbani usiku ule nikampa mke wangu zile elfu kumi, nikamwomba radhi. Hakunijibu neno. Alizihesabu, akanirudishia elfu mbili, akasema, "Hizi za kahawa yako." Sijui kama alikuwa amenisamehe au alikuwa ananifundisha. Mpaka leo kila nikikaa barazani nazikumbuka zile elfu mbili, na mara nyingi hunyanyuka baada ya kikombe kimoja, nikanunua mishkaki ya kufungwa nikaenda nayo nyumbani.

Wabillahi tawfiq.