Mgonjwa Ndiye Anayetaka Kwao

Kaeni, wanangu. Nimekuiteni baada ya Isha kwa kuwa mchana kila mtu ana mihangaiko yake, na hili ninalotaka kulisema nimeshalisema kwa mmoja mmoja hata nimechoka. Leo lisikieni kwa pamoja.

Wiki iliyopita tulichanga. Kundi letu la WhatsApp lilijaa majina kabla ya Adhuhuri: huyu elfu kumi, yule elfu hamsini, na walioko Muscat wakaleta riyali zao. Tulichanga ili mwenzetu aliyefia Arabuni aletwe azikwe Pemba. Mtu huyo huyo aliumwa miezi mitatu. Katika kundi hilo hilo aliandika kwamba anataka kurudi atibiwe karibu na mama yake. Nimerudi nyuma nikahesabu waliomchangia wakati ule. Watu sita. Na mie sikuwamo katika hao sita, jambo linaloninyima usingizi.

Maiti, wanangu, dini imetuamuru tumharakishe kaburini. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi, na wanazuoni wetu wana maneno makali juu ya kumhamisha maiti mji hadi mji. Ardhi ya Muscat ni ya Mwenyezi Mungu kama ilivyo ya Wete, na wako Waislamu huko wa kumwosha, kumsalia na kumzika. Mgonjwa ndiye anayetaka kwao. Mgonjwa ndiye anayetaka uji wa mamaake na mtu wa kumgeuza usiku. Sisi fedha tunaziweka mpaka asizihitaji tena, ndipo tunazitoa.

Nikupeni kisa cha binti wa shehia ya jirani. Alikwenda Omani kazi za ndani, akaanguka darini alikokuwa akianika nguo, akavunjika paja. Kwao walipata habari baada ya siku 19, maana simu yake ilikuwa mikononi mwa tajiri wake. Babake akaweka rehani mikarafuu yake, akanunua tiketi siku ile ile bila kumuuliza mtu. Binti alipofika uwanja wa ndege amefungwa hogo mguu mzima, akaulizwa karatasi ya daktari. Hana. Hakupandishwa, na tiketi ikapotea.

Msiwalaumu wale wa uwanjani. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani yake huwa nyepesi, mfano wa mtu aliye juu ya mlima wa mita 2,000 hivi, nasi Pemba vilima vyetu havifiki hata mita 200. Aliyepasuliwa tumbo juzi, au aliyevuja hewa kifuani, hewa iliyonaswa mwilini hutanuka akiwa huko juu. Mguu uliofungwa hogo jana unaweza kuvimba, na hogo halitanuki nao. Aliyelala kitandani muda mrefu damu yaweza kumganda mguuni. Ndiyo maana mashirika ya ndege yana fomu ya kujazwa na daktari anayemtibu: je, mgonjwa anaweza kukaa kitini, anahitaji oksijeni, anafuatana na nani. Akiwa wa machela, viti kadhaa hulazwa ili alazwe juu yake, na vyote hulipiwa. Kwa hiyo daktari aulizwe kwanza, tiketi ifuate. Wakati mwengine jawabu litakuwa kwamba abaki huko huko wiki tatu, na mchango wetu uende kumlipia chumba na chakula. Huo nao ni mchango.

Binti alikuja safari ya pili, baada ya kupata ile karatasi ya kumruhusu kupanda ndege. Nilikwenda Mkoani kumpokea pamoja na babake. Alikuwa amelazwa kwenye godoro sakafuni mwa boti tangu Unguja, na mkondo wa Nungwi mnaujua. Sisi tuliozika watu wa meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011 hatuhitaji kuelezwa. Wapagazi wawili walimshusha juu ya kiti cha plastiki, mguu wake umenyooshwa mbele, mmoja anarudi kinyumenyume huku babake akiushikilia ule mguu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Daktari aliyempokea akauliza: ndani mmemtia chuma? Nyuzi zitoke lini? Anatumia dawa gani? Tukafungua begi. Mlikuwa na udi, mafuta ya nywele na abaya mbili mpya za wadogo zake. Hamkuwa na picha ya eksirei wala karatasi hata moja ya matibabu. Ikabidi aanzwe upya, pale alipokuwa amebakiwa na nguvu chache kabisa.

Wa kumpokea mgonjwa hapa wapo. Hospitali ya Abdalla Mzee, hapo hapo Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa 2016, na madaktari wa Jiangsu wanakuja Zanzibar tangu miaka ya sitini. Lakini ugonjwa mzito utataka Mnazi Mmoja, au Muhimbili ng'ambo ya pili. Basi daktari wa huku azungumze na wa kule kabla mgonjwa hajaondoka kitandani. Kumvusha bahari mbili kisha kumrudisha moja ni kumtesa.

Lipo jambo jengine linaniuma. Tangu Oktoba 2024, mgeni anayekuja kutembea Zanzibar hutakiwa kukata bima ya dola 44, na ndani yake mna kurudishwa kwao akiugua. Tumemfikiria mgeni, na tumefanya vizuri. Mtoto wetu anaondoka na nini? Anaondoka na namba ya simu ya wakala. Kanuni za Omani tangu 2004 zimemtaka mwajiri amtibu mtumishi wa ndani muda wote wa mkataba, lakini ni mzazi gani hapa aliyewahi kuusoma mkataba wa bintiye? Tunauliza mshahara tu. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania huko Omani na Emirates, na wengi wa waliohojiwa walikuwa wamenyang'anywa pasipoti. Asiye na pasipoti akiugua huanzia ubalozini Muscat kuomba hati ya dharura ya safari, na atakwendaje naye hawezi kusimama? Nakala ya pasipoti na ya mkataba ziachwe hapa nyumbani, kwenye mfuko wa nailoni, mahali mama anapopajua.

Ninaomba sanduku la mchango wa wagonjwa lianze leo, kabla hajaugua mtu. Nimeleta elfu hamsini, hizi hapa juu ya mkeka. Na yule kijana wa nyumba ya mwisho, anayeondoka Jumatatu, mwambieni apite kwangu kesho baada ya Alasiri, aje na mkataba wake. Aje na mamaake pia.