Shukrani za Nani?

Wahenga walisema: Tenda wema, nenda zako. Lakini katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa hadi mwaka 1873, wanakumbukwa wanamaji wa Kiingereza waliokufa wakiyazuia majahazi ya watumwa. Katika kazi hiyo alikufa Kapteni Brownrigg wa manowari London, aliyeuawa karibu na Pemba mwezi wa Desemba 1881. Je, kumbukumbu hiyo yaivunja methali?

La. Methali yamwagiza mtenda asingoje shukrani. Haimpi mtendewa ruhusa ya kusahau. Wala ujira haubatilishi wema: serikali yao iliwalipa wanamaji fedha kwa ajili ya watumwa waliookolewa, lakini fedha haiwi bei ya roho.

Hata hivyo, shukrani hutoka kinywani mwa aliyetendewa. Kumbukumbu hii ni ya watenda. Waliopakiwa majahazini hawakuulizwa. Uani mwa kanisa zimo sanamu za watumwa shimoni, minyororo shingoni, nazo hazina majina. Basi kumbukumbu ya wanamaji na idumu, lakini tuiite kwa jina lake: ni maombolezo ya wenzao. Shukrani ni neno la wengine, nao hawajasikiwa.