Makao ya Ugonjwa na Ushahidi wa Maiti

Swali la kama ugonjwa ni kitu chenye mahali pake mwilini, au ni hali ya mwili mzima uliopoteza mizani, ni la falsafa kabla ya kuwa la tiba. Giovanni Battista Morgagni, tabibu aliyelikabili swali hilo na aliyeitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Padua, Italia, mwaka 1711 na kubaki huko hadi kifo chake mwaka 1771, alianzia kwenye kiti cha nadharia ya tiba, ambayo tangu kale iliwafuata matabibu Hippocrates, Galen na Ibn Sina, na ambayo iliueleza mwili kwa vimiminika vinne, yaani damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, ambavyo vikizidiana mtu huugua. (Mafundisho hayo yalifika pia pwani ya Afrika Mashariki kupitia tiba ya Waarabu, na neno safura lingali limebeba jina la Kiarabu la nyongo ya manjano.)

Mwaka 1715 alipewa kiti cha anatomia, elimu ya maumbile ya viungo, lakini kitabu kilicholijibu swali hilo alikitoa mwaka 1761, akiwa na umri wa miaka 79. Ndani yake mna barua 70 zilizoandikwa kana kwamba ni kwa rafiki kijana, zenye visa takriban 700, na katika visa vingi msomaji huelezwa kwanza mgonjwa alivyoishi na alivyolalamika, kisha kile ambacho kisu kilikikuta ndani ya maiti. Hiyo ndiyo patholojia, elimu ya mabadiliko yaletwayo na ugonjwa katika viungo. Alithibitisha, kwa mfano, yale aliyoyaona mwalimu wake Valsalva, kwamba kiharusi kinachopoozesha mkono wa kulia huwa kimeuharibu ubongo upande wa kushoto.

Hata hivyo, kilichoonekana ndani ya maiti chaweza kuwa chanzo cha ugonjwa, au matokeo yake, au kazi ya mauti yenyewe, na hapa ndipo ualimu wa Morgagni unapozidi ugunduzi wake: mabonge yaliyokutwa moyoni, ambayo wengi waliyahesabu kuwa sababu ya kifo, yeye aliyatilia shaka, akiona kwamba mengi ni damu iliyoganda baada ya kifo. Kitabu chake kina faharasa moja inayotoka kwenye dalili kwenda kwenye kiungo na nyingine inayorudi kinyume, kwa sababu alama moja bila nyenzake haithibitishi kitu.

Mwaka 1858 Rudolf Virchow, mwalimu wa patholojia mjini Berlin, aliyahamishia makao ya ugonjwa kwenye seli, chembe hai ndogo inayoujenga mwili, na mahali pa ugonjwa pakazidi kuwa padogo. Mgonjwa mwenyewe hakuhamia humo. Maumivu hayaachi alama kila mara, na Morgagni, aliyetegemea kwa visa vingi kumbukumbu za Valsalva, hakuweza kuyasoma katika maiti pasipo mtu aliyekaa kitandani pa mgonjwa na kumsikia akiyataja.